Vioo Sita vya Mhina wa Masuguru

Jumatatu, 4 Julai 1910. Korogwe.

Msiba! Asubuhi nilikuwa na vioo sita. Sasa ninavyo vitano, na cha sita kimeharibiwa na mke wangu mwenyewe.

Niandike kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa shule ya serikali Tanga kabla hawajanifukuza. Mgiriki wa reli, niliyembebea sanduku la picha miaka miwili mpaka kichwa kikaota kipara katikati, amerudi kwao. Sanduku kaniachia mimi. Na miguu yake mitatu ya kusimamia, na chupa za dawa, na vioo sita vya kupigia, kila kioo picha moja. Si bure. Kachukua mbuzi wetu wa maziwa. Mke wangu Mashavu anasema mbuzi alikuwa wake, alikuja naye kutoka kwao Handeni. Maneno madogo. Mbuzi hufa, picha haifi.

Sasa mpango. Nimetia mlango mpya wa mbao, wenye kitasa cha chuma. Mtaa wetu mzima wa Masuguru hakuna mwingine mwenye kitasa. Nilitaka nipige picha ya mlango, majirani waione, wastaajabu, wahamie kwangu. Maana kila alasiri mtaa wote umejaa barazani kwa Fundi Hiza, kahawa huko, mashauri huko, vicheko huko. Na Hiza ni nani? Mshona kanzu. Mlangoni kwake pananing'inia gunia.

Nikangoja jua liukabili mlango. Nikaingia chini ya kitambaa cheusi, nikapima, nikatoka, nikatia kioo, nikabonyeza mpira wa kufungulia jicho la sanduku. Papo hapo Mashavu akapita na ungo wake, anapepeta mchele mbele ya mlango wangu, tena anacheka! Na amevaa kanga ya harusi, ile nyekundu aliyoikunja sandukuni mwaka mzima. Kanga ya harusi, kupepetea mchele! Sijapata kuona uharibifu wa namna hii.

Nikamwambia kioo kimoja kina thamani kuliko ungo wake na mchele wake. Nadhani nilisema pia kuliko yeye. Sikumbuki sawasawa. Aliweka ungo chini polepole. Kuku wakaja wakala mchele, asiwafukuze.

Amelikubali kosa, nadhani.


Jumanne, 5 Julai. Korogwe.

Hakulikubali.

Nilikwenda mtoni kuteka maji ya kuoshea vioo, kurudi nyumba kimya. Jiko baridi. Kanga nyekundu ipo, imekunjwa juu ya kitanda, nguo nyingine zote hakuna. Ameondoka na wanawake wa Handeni waliokuja gulioni kuuza asali. Amerudi kwao!

Na salamu zangu kamwachia nani? Hiza! Nimezipokea mbele ya wanywa kahawa wote. Hiza hakuacha hata kushona. Alisema, taratibu, kama mtu anayesoma vipimo vya suruali: "Amesema uendelee kupiga picha mlango."

Wazee wakatazama vikombe vyao.

Nimejifungia stoo ya mahindi, nimeziba kila tundu, nimekisafisha kile kioo kwa dawa. Kimeharibika kweli. Mlango hauonekani. Kitasa hakionekani hata kidogo. Mashavu amejaa kioo kizima.

Nikampelekea Hiza ili ashuhudie mwenyewe hasara aliyonitia mwanamke huyu. Kwenye kioo nyeusi huwa nyeupe na nyeupe huwa nyeusi, hivyo sikutegemea aelewe chochote. Lakini alikilaza juu ya koti jeusi alilokuwa akilishona, akakiinamisha kidogo, na sura ikageuka ikawa sura. Mashavu yuleyule. Ungo hewani, mchele umeruka, pumba zimetawanyika kwenye mwanga juu ya kichwa chake, na meno yote nje. Kuku mmoja ametazama juu akisubiri.

Watu wakasogea. Muuza kahawa akaweka birika chini, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya. Halafu Hiza akasema nisikipoteze kioo hiki kwa hali yoyote. Kila siku anaona watu wakipepeta mchele, akasema, lakini leo ndipo ameona hasa.

Mshona kanzu ananifundisha picha! Nikakinyakua.

Akanifuata mpaka njiani. Akaniambia atakuwa mshenga wangu. Twende Handeni mimi na yeye, yeye kama mzee aseme, mimi nikae chini ninyamaze, niombe radhi nikiambiwa niombe, na jua halitazama kabla sijapewa mke wangu. Hivyo ndivyo mambo yanavyofanywa. Nikakataa. Ninyamaze! Mimi mwenye sanduku la picha, nikakae kama mzigo wa Hiza!

Nina mpango bora.


Alhamisi, 7 Julai. Mombo.

Mpango: Mzee Mdoe, baba mkwe wangu, hajapata kuliona gari moshi. Nikimpelekea gari moshi zima kwenye kioo, na milima ya Usambara nyuma yake, atasema, kumbe binti yangu ameolewa na mtu. Mashavu atarudi siku hiyohiyo.

Nimepanda gari toka Korogwe na sanduku mapajani. Mombo nikashuka mbio, nikasimamisha miguu mitatu mbele ya mashine. Kila kitu tayari. Nikabonyeza. Mashine nayo ikapumua. Mvuke, mvuke mtupu! Nikapotea mimi, likapotea sanduku, ukapotea mlima.

Kwa kioo cha pili nikaenda upande wa pili, mbali na mvuke. Safari hii nilikuwa makini kupita kiasi. Nilipima mara tatu. Nikabonyeza kwa heshima. Gari likaondoka, na ndipo nikaona nimeshika kifuniko cha jicho la sanduku... hapana, sijakishika. Kipo palepale kwenye jicho. Sikukitoa.

Nikakaa chini kando ya reli. Vimebaki vitatu.

Walikuwapo kina mama wa milimani wakiuza ndizi. Gari lilipoondoka walikaa wakaanza kusukana nywele, mmoja nyuma ya mwingine, watu wanne kwa mstari, na jua la alasiri linapita katikati ya mvuke uliobaki. Wa mbele anaitwa Rosina. Akaniuliza kwa nini nisiwapige wao, maana hawana mahali pa kwenda na hawatoi moshi. Wenzake wakacheka. Nikamwambia sina vioo vya kuchezea.

Akanipa ndizi mbili bure. Nadhani nilionekana vibaya.

Gari la kurudi mpaka keshokutwa. Kesho natembea.


Jumamosi, 9 Julai. Korogwe.

Miguu imevimba. Nimefika jana jioni, na habari iliyonipokea ni nzito. Wauza asali wamerudi na ujumbe wa Mzee Mdoe. Amesema wao walikula mchele na chuya kwa uvivu wa kuchagua, na sasa ananipa mpaka mwezi uandame. Nisipokwenda kwa heshima kumchukua mke wangu, atampeleka kwa akida wa serikali, talaka iandikwe, na kila mtu ashike njia yake.

Talaka! Nilisoma neno hilo kichwani usiku kucha. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimepika ugali, nusu umeungua na nusu ni unga.

Asubuhi nikatoka kutafuta faraja kwa majirani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari ya Mombo. Wote waliuliza kioo. Mzee wa mikeka alikuja na mkewe makusudi kukiona. Muuza kahawa akasema tangu akione hamwangalii tena mke wake vilevile. Na Hiza, mbele ya watu wote, akaniomba nikilaze tena juu ya koti jeusi.

Nikaelewa ujanja wake. Picha nipige mimi, jua nililisubiri mimi, mbuzi aliondoka wangu, na sifa zimwendee Hiza na koti lake!

Nikarudi nyumbani na hasira, na hasira ikazaa mpango, mzuri kuliko yote. Mashavu daima alilalamika kuwa mlango mpya umeleta giza, haoni anayebisha hodi. Basi nitamtilia kidirisha cha kioo mlangoni! Hata bomani hakuna mlango wa namna hiyo. Nikachukua kile kioo kilichoharibika, nikakisugua kwa maji ya moto na majivu. Kwanza ziliondoka pumba, halafu ungo, halafu meno. Uso ulikawia kidogo. Sasa ni kioo safi kabisa, unaona mpaka ng'ambo.

Nimekata tundu mlangoni, nimekipachika kwa nta. Kimekaa sawasawa.

Hiza alikuja jioni na koti lake mkononi. Akasimama akakitazama kidirisha, akagusa kioo kwa kidole, akarudi kwake. Wivu ni ugonjwa.


Jumanne, 12 Julai. Handeni.

Nimefika. Siku mbili na nusu kwa miguu, sanduku kichwani, kipara kimeongezeka. Na nimetengwa. Lakini nianze mwanzo.

Nimewakuta kwenye akika ya mtoto wa kaka yake Mashavu. Ukoo mzima upo, mbuzi amechinjwa, masufuria makubwa matatu ya wali. Nikaona Mungu yuko nami. Nitawapiga picha ukoo mzima, wataniona mtu wa maana, na talaka itasahauliwa. Mashavu nilimwona kwa mbali akikuna nazi. Hakuinua uso.

Mzee Mdoe alinipokea kwa adabu baridi. Nikampa shikamoo, nikaeleza nia yangu, akasema haya, fanya. Nikawapanga kwa safu mbili. Tatizo likawa mama mkwe. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Mimi na yeye miaka mitatu sasa, nikimwona njiani naingia porini, akiniona anajifunika. Akasema hawezi kukaa mbele yangu. Nikatuma maneno kwa shemeji kwamba mimi ndiye nitakayefunikwa, nitakuwa chini ya kitambaa cheusi, kwa hiyo hakuna anayemtazama mwenzake. Wazee wakashauriana. Wakaona ni heshima mpya lakini ni heshima. Mama mkwe akaketi katikati na kanga usoni.

Nikaingia chini ya kitambaa. Yeye alipoona nimefunikwa, akaona kuna stara, akajifunua.

Sikutarajia. Ni mara yangu ya kwanza kumwona. Ana uso wa Mashavu, wa miaka thelathini ijayo. Nikabaki palepale. Kwa kweli sikuwa napima tena, nilikuwa natazama tu, nikifikiri hivi ndivyo mke wangu atakavyokuwa akizeeka, kama atazeekea kwangu.

Nilikaa muda mrefu mno. Mjomba wao, mzee asiye na subira, akauliza ninafanya nini humo, akaingiza kichwa chini ya kitambaa pamoja na mimi. Sasa, ndani ya sanduku watu huonekana miguu juu kichwa chini. Mgiriki alizoea, na mimi nimezoea. Mjomba alimwona dada yake uso wazi, miguu mbinguni, na mkwewe anamtazama bila kupepesa.

Akatoka akawaeleza wote. Alieleza vizuri sana, hakuacha kitu.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Mama mkwe alijifunika akaingia ndani. Mama wadogo wawili wakakichukua kioo nilichokuwa nimekiandaa wakakitwanga kinuni. Wazee wakaketi dakika chache wakatoa hukumu: mbuzi mmoja na shuka nyeupe, viletwe na mzee wa kwetu mwenye adabu, na mimi nisikanyage uani kwao mpaka hapo. Mzee Mdoe akauliza kwa nini sikuja na mzee tangu mwanzo. Akanisindikiza mpaka mwisho wa shamba la mahindi na kunipa wali kwenye jani, maana mgeni ni mgeni.

Vimebaki viwili. Nimeula wali peke yangu. Mtamu. Nimelia kidogo.


Jumatano, 13 Julai. Handeni, njia ya kisimani.

Asubuhi nikiwa nafunga sanduku nimsikie nani nyuma yangu? Mashavu, na mtungi kichwani. Akautua. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikaanza kumweleza kidirisha, na mpango wa gari moshi, na mpango mwingine wa Ngombezi niliokuwa nimeufikiria njiani, wa kuwapiga picha vibarua wa mkonge. Akaningoja mpaka maneno yakaniishia. Ndipo akauliza.

"Ile ya siku ile, mbele ya mlango. Ilitoka?"

Nikasema ilitoka.

"Nilipita makusudi, Mhina. Nilivaa kanga ya harusi tangu alfajiri, nikangoja mpaka ubonyeze. Nilitaka na mimi uniangalie kama unavyouangalia mlango."

Sikuweza kuinua macho. Akaendelea kwamba mbuzi na shuka ni haki ya mama yake, hayo Hiza atayasema kwa wazee. Kwa upande wake yeye hataki kitu kingine chochote ila kile kioo. Nikimletea kabla mwezi haujaandama, aone kwamba nilikitunza ijapokuwa nilikasirika, atabeba vitu vyake siku hiyohiyo turudi Korogwe.

"Unacho?"

Hapo, shajara yangu, palikuwa na neno moja la kusema, na nilikuwa nalijua. Lilikuwa mdomoni kabisa.

Nikasema, "Kimefungwa kitambaani, kiko sandukuni kwangu."

Akatabasamu. Tangu Jumatatu ile sijaliona tabasamu lake. Akautwaa mtungi wake akaenda.

Masikini mimi.


Ijumaa, 15 Julai. Korogwe.

Nimetembea usiku na mchana. Nimefika, nikasimama mbele ya mlango wangu. Nimekitazama kidirisha kwa jua, kwa kivuli, kwa ubavu. Nimekipaka masizi kwa nyuma. Nimekibandua, nikakilaza juu ya kitambaa cheusi na kukiinamisha kama alivyofanya Hiza. Nimeona kipara changu tu.

Majuto ni mjukuu, husemwa. Wangu amekwisha kuwa babu.

Hiza alinikuta nimeketi chini na kioo mapajani. Akaketi na yeye, vumbini, na kanzu yake safi. Nikamweleza yote. Kwanza mbuzi na shuka, akasema mbuzi anaye, shuka ataishona leo, na kesho tunaondoka. Halafu nikamweleza kioo. Akasema:

"Mwambie umekifuta. Mwambie na sababu, hata kama ni ya aibu. Atalia, atakasirika, lakini atakuwa ameambiwa kweli na mumewe."

Nikalifikiri neno lake mchana wote. Ni la mtu mwenye busara, sikatai. Jioni nimekubali kabisa. Kesho alfajiri tunaondoka, mimi na Hiza na mbuzi, nami nitamwambia Mashavu kweli tupu.

Moyo umetulia. Nalala mapema.


Jumamosi, 16 Julai. Korogwe.

Nimepata mpango!

Umenijia alfajiri nikikunja kanga nyekundu nimpelekee. Hiza kanikuta uani, mbuzi mkononi na shuka begani, nikamwambia atangulie kidogo, aningoje darajani. Akanitazama, akaitazama kanga. Akasema atangoja mpaka jua liwe juu ya mti, halafu atakwenda peke yake kuwaomba wazee radhi, na Mashavu akimwuliza jambo hatamdanganya. Sawa. Mpaka jua lifike hapo kazi yangu itakuwa imekwisha.

Mpango ni huu. Vioo viwili ninavyo. Mlango upo. Ungo upo. Mchele upo. Kuku wapo. Kanga ndiyo ileile. Kilichopungua ni mtu tu, na Mashavu na mimi tunalingana urefu.

Nikaivaa. Ina harufu yake, moshi na mafuta ya nazi. Nikasimama nayo kitambo kuliko ilivyohitajika. Mpira wa kubonyezea nikauweka chini ya kisigino. Nikarusha mchele.

Sikujua kupepeta ni kazi ngumu kiasi hiki! Mchele unakwenda kwake, pumba zinakwenda kwake, zote machoni. Mashavu alikuwa akifanya huku anacheka. Nimejaribu mara kumi na moja kucheka. Haikuja. Mara ya kumi na mbili nikakanyaga hivyohivyo.

Nimekisafisha stoo. Si kibaya! Ungo uko hewani. Kuku wapo, wengi kuliko wa kwanza. Kidirisha, nilichokirudisha mlangoni, kimepigwa na jua kikatoa doa jeupe begani, nikirudia naweza kukitundikia nguo. Mikono, ukiitazama kwa haraka, ni ya mwanamke. Nimekilaza juu ya kitambaa cheusi, nikakiinamisha, sura ikageuka ikawa sura.

Ndevu.

Jua limepita mti zamani. Hiza atakuwa amevuka mto sasa, na mbuzi wake. Haidhuru. Mwezi haujaandama, na kioo kimoja kimebaki. Nimeteka maji, nimenoa wembe. Kesho nanyoa ndevu.